Timu yetu ilianzishwa mwaka gani?

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na kama utaona barua ni ndefu nakuomba usiikate sana, maana jambo hili linanikaa rohoni tokea Mfungo Tatu na kila nikijaribu kulifupisha naona naliharibu.

Ilikuwa hivi. Vijana wa timu yetu ya mtaa hapa Wete walikuwa wanajaza fomu ya usajili, anaejaza ni kijana mmoja wa Junior, daraja la vijana, ana mwandiko mzuri, akenda vizuri, jina la timu, rangi ya jezi, kiwanja, mpaka akafika pahala pameandikwa mwaka wa kuanzishwa, kalamu ikasimama. Akatuuliza sie watu wazima tulokuwa tumekaa barazani. Mie timu hii nimeichezea miaka kumi na moja, beki wa kushoto, na nilipoulizwa sikuwa na jibu. Tukenda kwa wazee. Wa kwanza akasema timu imeanza kabla Mzee Karume hajauawa, yani kabla ya 1972, na hilo hataki kubishana na mtu. Wa pili akasema si kweli, timu imeanza mwaka ilipoanza televisheni kule Unguja, kwa sababu jezi za mwanzo zililetwa na mtu alokwenda Unguja kuiona hiyo televisheni akarudi na furushi la jezi za kijani. Wa tatu akaapa ni wakati wa vita vya Amin, na yeye ndo alofyeka kiwanja. Kila mmoja anasema kweli yake na hakuna anaedanganya, lakini baina ya wa kwanza na wa tatu pana miaka saba au zaidi. Na aliekuwa anajua khasa ni kepteni wetu wa kwanza, na yeye tulimzika mwezi mmoja kabla ya fomu kuja. Miaka yote hiyo anakaa nyumba ya pili kutoka msikitini, kila siku baada ya magharibi yuko pale kwenye ngazi, na hakuna hata mmoja wetu alomuuliza.

Kijana akaandika 1974, kakadiria tu katikati, fomu ikenda.

Usiku ule nikamtumia voisi mpwa wangu alioko Ujerumani, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye mji mdogo karibu na Nürnberg, jimbo la Bavaria, upande ule wenyewe wanauita Franken. Jumapili anacheza mpira kwenye timu ya kijiji, madaraja ya chini kabisa. Nikamueleza kisa cha fomu nikidhani atacheka. Hakucheka. Akanijibu kwa voisi ndefu ya dakika tisa na ndani yake akasema mjomba, 1974 ndo mwaka ilipoanzishwa timu ya Vestenbergsgreuth, na wao wanajua mpaka tarehe, subiri nikuhadithie. Na alonihadithia ndo nataka niwahadithie na nyie.

Vestenbergsgreuth ni kijiji, wenyewe kwa kifupi husema Greuth na mie ntafata hivohivo. Watu wake ni kama 1,500, ukichukua shehia yangu hapa ina watu zaidi ya hao. Kazi yao inayojulikana ni mitishamba, kampuni ya Martin Bauer imeanza pale 1930 na mpaka leo inakausha na kukata majani ya chai za dawa, na mtu wa Pemba hana haja ya kuelezwa maisha ya kijiji kinachoishi kwa kuanika, sie ambao msimu wa karafuu ukiingia hata pembezoni mwa barabara pametandikwa majamvi na mtu akisikia ngurumo anatoka mbio hata kama yumo kwenye kula. Mpwa wangu anasema alipopita pale mara ya kwanza kilichomjia kichwani ni Wete ya Septemba.

Timu yao inaitwa TSV, na herufi hizi zina hadithi yake. T ni Turnen, mazoezi ya viungo, S ni sport, V ni Verein yani chama. Kwa nini chama cha mpira kianze na mazoezi ya viungo? Kwa sababu kule mazoezi ya viungo ndo yalotangulia, alikuwepo bwana mmoja Friedrich Ludwig Jahn alofungua kiwanja cha mazoezi Berlin, pahala panaitwa Hasenheide, mwaka 1811, na mtindo ule ukaenea miji na vijiji, watu wanaruka, wanapanda vyuma, wanapiga sarakasi. Mpira ulikuja nyuma sana na ulionekana mchezo wa kigeni wa Waingereza. Alouingiza skuli ni maalim, Konrad Koch, kule Braunschweig mwaka 1874, aliwapa wanafunzi wake mpira wakacheza, na mpaka leo anatajwa. Hesabu mwenyewe, kutoka mpira wa maalim Koch mpaka kuanzishwa Greuth ni miaka mia kamili. Na vyama vingi vya vijijini vimebaki na ile T mbele ya jina ingawa siku hizi wengi wanakuja kwa mpira, hawakuifuta, wamewaachia walotangulia heshima yao.

Basi Greuth ikaanza chini kabisa kama timu zote za kijiji. Ilikuwa na bahati moja nayo ni mtu, Helmut Hack, alikuwa miongoni mwa wakubwa wa ile kampuni ya mitishamba na roho yake iko kwenye mpira, akaisimamia timu, ikapanda daraja, ikapanda tena, mpaka ikafika ligi kubwa ya ridhaa ya Bavaria, na mwaka 1994 ikaingia Regionalliga ambayo wakati ule ndo daraja la tatu Ujerumani nzima. Kijiji cha watu 1,500! Mie hapo tayari nilikuwa nimekaa kitako kwenye kitanda.

Kule kuna kombe la taifa, DFB-Pokal, na uzuri wake ni kuwa timu za ridhaa zinapata mlango wa kuingia kupitia makombe ya majimbo, halafu raundi ya mwanzo timu ndogo ndo mwenyeji, mkubwa anakufata kwako. Mwaka huohuo wa 1994 Greuth wakapangwa na Bayern München. Bayern ndo mabingwa wa Ujerumani, wana Oliver Kahn golini na Lothar Matthäus kwenye kikosi cha msimu ule, kocha mpya ametoka Italia, Giovanni Trapattoni mwenyewe. Kiwanja cha kijiji kisingeweza kuchukua watu, mechi ikapelekwa Frankenstadion kule Nürnberg, tarehe 14 Agosti 1994, wakaja watu zaidi ya 20,000, yani kijiji chote wangekuja mpaka vichanga na vikongwe wasingejaza hata kona moja ya stendi.

Greuth wakashinda 1-0. Goli kafunga Roland Stein kwa kichwa kipindi cha kwanza, na kipindi chote cha pili wakazuia. Sie tuloona Mlandege wakimfunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi Januari 2024 tunaelewa kidogo hali ilivokuwa, lakini Mlandege ni timu ya mjini, ni timu ya Ligi Kuu, ishalitwaa kombe lile mwaka mmoja kabla. Greuth ni kijiji cha kuanika majani. Ujerumani mpaka leo, mwaka wa thelathini na zaidi, raundi ya mwanzo ya kombe ikifika watu wanamtaja Stein na wanaitaja Greuth, na ukimwambia Mjerumani mtu mzima jina la kijiji kile anajua unazungumza nini ingawa hajawahi kufika.

Na tazama mpira unavochekesha moyo, huyo Matthäus mpira wake amelelewa Herzogenaurach, mji uliomo wilaya mojamoja na Greuth. Herzogenaurach ndo pale ndugu wawili kina Dassler waligombana, Rudi akatoa Puma na Adi akatoa Adidas, na mji ukawa na timu mbili, hii inavaa viatu vya huyu na ile vya yule. Matthäus alitokea timu ya upande wa Puma akenda ulimwenguni akawa kepteni wa Ujerumani bingwa wa dunia 1990. Haya ni ya pembeni lakini nilipoyasikia nikasema haya ndo mambo yanayotakiwa kuandikwa, nani katoka wapi, kalelewa kiwanja gani, maana na sie huku Pemba tumetoa wachezaji wengi wakenda Unguja na bara wakawa wakubwa na leo kijana ukimuuliza yule alianzia timu gani ya mtaa anakwambia jina la timu kubwa aliyomalizia.

Nikamuuliza mpwa wangu wewe haya yote umeyajuaje na ulizaliwa baadae. Akasema mjomba yameandikwa. Halafu akasema na hii timu yangu ninayochezea, ambayo haijawahi kushinda kitu chochote cha maana, nayo ina kitabu. Akanitumia picha za kurasa kwa wasap, moja moja, mpaka bando langu likakata, asubuhi nikanunua jengine akaendelea. Kule chama kikitimiza miaka 25, 50, 75, mia, wanatoa kitabu cha sherehe. Nimekitazama kitabu cha timu ya mpwa wangu, lugha siijui lakini majina ni majina na picha ni picha na yeye kanitafsiria mengine. Mna majina ya walokaa mkutano wa mwanzo kwenye chumba cha mkahawa. Mna mtu wa kwanza wa fedha na ada ilikuwa kiasi gani. Mna alotoa shamba lake likawa kiwanja, mna walovunja mawe, mna mwaka lilipoezekwa paa la nyumba ya chama na fundi nani. Mna mke wa fulani aliefua jezi za timu kwa miaka ishirini na kitu, picha yake ipo, kasimama mbele ya kamba na jezi zinaning'inia nyuma yake. Nilipoifika picha ile nilisita. Jezi zetu alikuwa anafua mama mmoja wa hapa mtaani, hakuwahi kudai senti, maji anateka kisimani, na nikajitahidi kukumbuka jina lake kamili nikapata la kwanza tu.

Mpwa wangu anasema mambo haya hayaji kwa sababu wale watu wanapenda sana vitabu, yanakuja kwa sababu ya desturi na sheria. Chama kule kikisajiliwa mahakamani kinapata herufi mbili nyuma ya jina, e.V., maana yake chama kilichosajiliwa. Sheria yao ya raia inayofanya kazi tokea mwaka 1900 inataka watu saba wa kukianzisha, na wakija kupungua chini ya watatu mahakama inakifuta. Saba! Barazani kwetu baada ya laasiri tuko zaidi ya saba kila siku. Lazima pawe na katiba, lazima pawe na mkutano ambao kila mwanachama ana kura yake moja, mwenye pesa na asie na pesa, na mambo yanayopitishwa yanaandikwa na kutiwa saini. Mtu wa fedha anasoma hesabu mbele ya watu na wapo wengine wawili wamechaguliwa kuzikagua daftari zake kabla. Chama kikubwa cha mpira cha nchi, DFB, chenyewe kimezaliwa hivohivo, vilabu 86 vilikutana Leipzig tarehe 28 Januari 1900, na leo vilabu ni kama 24,000, na vingi vyao ni hivi vya vijijini visivotajwa popote. Huyu anapiga chokaa mistari, yule anakata nyasi, kina mama wanaleta keki za kuuza siku ya mechi, kila klabu inatakiwa itoe na marefa wake na ikiwa haina inatozwa faini, halafu jioni wanakaa pamoja kwenye nyumba ya chama. Mpwa wangu bia hanywi na nguruwe hali, kule kwake wanamuwekea juisi na viazi na washazoea, na mwaka jana wamemchagua asimamie vifaa vya timu ya watoto. Jina lake litaandikwa. Mtoto wa Wete jina lake litakuwemo kwenye kitabu cha kijiji cha Franken kabla halijawemo kwenye daftari lolote la timu ilomlea. Hapo nakwambia Mhariri nilihisi vibaya.

Sasa sitaki watu wafikiri nasifu tu. Kitabu kile kina kurasa nyembamba. Ukifika 1933 mpaka 1945 maneno yanapungua, mna orodha ya wachezaji walokufa vitani na baada ya hapo kimya. Wakati ule wa Hitler vyama vya michezo vya wafanyakazi vilipigwa marufuku na Mayahudi wakafukuzwa kwenye vilabu walivovijenga wenyewe. Mpwa wangu akanipa mfano wa Julius Hirsch. Huyu alikuwa Myahudi, kachezea timu ya taifa ya Ujerumani mara saba, kachukua ubingwa wa nchi 1910 na Karlsruhe na tena 1914 na Fürth, kenda vita vya kwanza kwa ajili ya nchi ile. Mwaka 1933 akasoma gazetini kuwa vilabu vya kusini vitawatoa Mayahudi, akaiandikia barua klabu yake ya Karlsruhe alokuwa mwanachama tokea ana miaka kumi, akajitoa mwenyewe kwa uchungu. Mwaka 1943 wakampeleka Auschwitz na hakurudi. Miaka mingi vitabu vya vilabu vilimruka yeye na wenziwe, na ni karibuni tu ndo wamerudi kuyaandika, DFB imeanza kutoa tuzo yenye jina lake 2005. Miaka sitini imepita kwanza.

Nayasema haya kwa sababu na sie tuna miaka yetu. Kila mtu mzima wa visiwa hivi anajua kuna miaka ambayo ukimuuliza mzee habari za timu anakohoa, anatengeneza kofia, anakwambia twende tukasali. Timu ziligawika, watu waliacha kucheza pamoja, wengine walihama wasirudi. Siombi tufukue makaburi. Naomba tuandike nani alikuwa golikipa. Kama golikipa yule baadae alikwenda Oman au Mombasa au alikuwa upande mwengine wa siasa, jina lake bado ni golikipa wetu na magoli alozuia aliyazuia kwa ajili ya mtaa mzima.

Nirudi kwenye Greuth maana hadithi yao haikuishia kwenye goli la Stein, na mwisho wake umenifanya nibishane na mpwa wangu wiki nzima. Miaka miwili baada ya kumfunga Bayern, 1996, Greuth waliungana na SpVgg Fürth. Fürth ni mji wa jirani, klabu yake ya 1903, bingwa wa Ujerumani mara tatu, 1914, 1926 na 1929, ndo ileile ya Hirsch, lakini wakati ule imeanguka, iko madaraja ya ridhaa na hali yake ya fedha mbaya. Fürth wana jina na uwanja na watu, Greuth wana uongozi na mdhamini. Wakaunda timu moja, SpVgg Greuther Fürth, Hack akawa mwenyekiti wake mpaka 2018. Mwaka uliofata, 1997, wakapanda daraja la pili, na 2012 wakaingia Bundesliga kwenyewe, ingawa msimu ule walicheza mechi 17 za nyumbani bila kushinda hata moja, timu ya kwanza kwenye historia ya Bundesliga kupata hilo, wakashuka, wakapanda tena 2021.

Mie nilisema wale wazee wa Greuth wameuza timu. Mpwa wangu akasema mjomba hawakuuza, walikutana wanachama, wakajadiliana, ikapigwa kura, na jina lao wameliweka mbele, Greuther kwanza halafu Fürth, mpaka leo kila timu ile ikitangazwa redioni kijiji kinatajwa. Nimelifikiri hili sana. Bado naona kijiji kimepoteza kitu, timu ilomfunga Bayern haipo tena kama ilivokuwa, na mtoto wa Greuth leo akitaka kuona mpira mkubwa lazima apande gari ende Fürth. Lakini nalinganisha na nilivoona huku kwetu kwa macho yangu, timu imepanda kwa jasho la miaka, halafu siku moja unasikia nafasi yake ya daraja imeuzwa, hakuna mkutano, hakuna karatasi, wachezaji wanaambiwa barabarani, na msimu ukianza kuna jina jengine kabisa pale kwenye ratiba. Hata herufi moja ya jina la zamani haikubaki. Na baada ya miaka mitano ukitaja timu ile vijana wanakutazama kama umetaja nchi isokuwepo.

Kuna na Wajerumani wengine ambao sie tunawajua zaidi, wale wa Mashariki. Nani asojua majumba ya Kikwajuni na Kilimani, yalojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Kule kwao Mashariki timu nyingi zilikuwa za viwanda, kiwanda kinalipa basi, kinalipa jezi, kinampa mchezaji ruhusa, na nchi ilipoungana 1990 viwanda vikafungwa kimoja baada ya kimoja na timu zikabaki hazina baba. Nyingi zilirudi kwenye majina yao ya zamani kabla ya vita, na ziliweza kurudi kwa sababu majina yale na daftari zile mtu alikuwa amevihifadhi. Mhariri, pale Kilimani karibu na majumba yale ndo ilipo Nyaraka yetu, Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu. Mna barua za Masultani na za Waingereza mle ndani, watu wanatoka nchi za mbali kuja kuzisoma. Mimi napendekeza kila timu ya mtaa, Unguja na Pemba, iandike daftari lake, itoe fotokopi, na moja ipelekwe pale. Sizungumzii Malindi wala KMKM wala Jamhuri ya hapa Wete, hizo zina watu wengi wa kuzikumbuka, ingawa na hizo zisijiamini sana. Nazungumzia timu za Central, za Junior, za Juvenile, timu za kugombania mbuzi na ng'ombe, timu ilocheza misimu mitatu ikafa kwa sababu kiwanja kimejengwa nyumba.

Na gazeti lako, kama inawezekana, toa nafasi ndogo Ijumaa moja moja, picha moja ya timu ya zamani na majina kutoka kushoto kwenda kulia. Watu watakuletea picha mpaka utazikimbia, zimo mabwetani, zinaliwa na mchwa, na kila siku anaondoka mtu mmoja aliekuwa anajua yule wa nne kutoka kushoto ni nani.

Mie nishaanza. Nimenunua kaunta buku la kurasa mia mbili na nimemchukua yule kijana mwenye mwandiko mzuri, tunakwenda kwa wazee baada ya laasiri, mie nauliza yeye anaandika, na simu iko pembeni inarikodi. Tumeshakwenda nyumba tisa. Swali la mwaka tunaliacha mwisho kwa sababu tumegundua mzee ukimuuliza mwaka anababaika, lakini ukimuuliza siku ile mlocheza mechi ya mwanzo karafuu zilikuwa zimeanikwa au bado, rais alikuwa nani, mtoto wako wa kwanza keshazaliwa, anakupa jibu limenyooka na mwaka unautoa mwenyewe humo ndani. Kwa njia hiyo yule mzee wa kwanza na wa pili wameshakaribiana, zimebaki kama miezi kumi baina yao. Mzee wa tatu, tumekuja kujua, anazungumzia kiwanja cha pili, kile cha mwanzo kilikuwa upande wa bondeni na leo ni skuli, kwa hivo na yeye alikuwa anasema kweli. Jina kamili la mama aliefua jezi tumelipata kwa mjukuu wake na limeandikwa ukurasa wa mwanzo, juu ya la kepteni.

Kinachotukwaza ni picha moja. Kuna picha ilipigwa uwanja wa Gombani siku tulocheza pale mara ya mwanzo, wachezaji kumi na mmoja na mtoto mmoja kashika mpira, jezi za kijani, watatu hawana viatu. Wazee wanne kila mmoja kwa wakati wake ametueleza picha hiyohiyo lakini hakuna alonayo. Yule mtoto alieshika mpira sasa atakuwa ni mtu wa miaka hamsini na kitu, akiwa Chake, akiwa Unguja, akiwa Dar, akiwa Muscat, na akisoma gazeti hili au mtu akimsomea, tunamuomba atutafute. Tuko barazani Wete kila siku baada ya laasiri, aulize tu timu ya jezi za kijani ataelekezwa, na picha hatutaichukua, tutaipiga fotokopi mbele yake na tutamrudishia mkononi.

Beki wa kushoto wa zamani,
Wete, Pemba